Marehemu Watatu wa Kisyeri

Ukitaka barua ya kuomba kazi, au barua ya kuacha kazi hiyo hiyo ukiwa umekasirika, pale Turwa unakwenda kwa Gati. Duka lake la stesheneri lina kompyuta moja, skana moja, mashine ya fotokopi inayokohoa kabla ya kila ukurasa, na Gati mwenyewe, mama wa miaka arobaini na nane, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mdomo usiofungwa na kitu. Ameandika wosia wa watu ambao mpaka leo wanaendelea kuishi kwa ubishi tu. Alimwandikia mwanamke mmoja barua ya kudai talaka, na miezi mitatu baadaye akamchapia kadi za harusi, bwana harusi yule yule. Katika miaka ishirini na mbili hajawahi kughushi hata muhuri mmoja, jambo ambalo wafanyabiashara wenzake wanalichukulia kama ugonjwa na wanamwombea apone.

Lakini tatizo kubwa la Gati halikuwa la mjini. Lilikuwa kijijini Nyamwaga, lina miaka themanini na nne, limevaa koti la suti juu ya kaptura, na jina lake ni Mzee Wangwe, baba yake mzazi.

Kumwita "mzee" ilikuwa adabu tu. Kwao Nyamwaga, mwanamume hazeeki kwa kuishi miaka mingi. Miaka hata kobe anayo. Anakuwa mzee siku wazee wanapomfanyia esubo, wakamketisha kwenye duara lao na kumpa mrija wake katika chungu cha pombe ya busaa. Kabla ya hapo, hata awe na vitukuu, ni kijana mwenye magoti mabovu. Na Wangwe alikuwa bado kijana. Kwenye kila sherehe alikaa nje ya duara na vijana wenzake wa miaka hamsini, akanywa kwa kikombe cha plastiki, huku wakimuuliza anashabikia timu gani.

Esubo yake ilikuwa imepangwa mara tatu: mwaka themanini na tisa, elfu mbili na tatu, na elfu mbili na kumi na nne. Mara zote tatu mtu yule yule alisimama, akakohoa, akaizima. Mtu huyo ni Mzee Ezekiel, jirani, amemzidi Wangwe mwaka mmoja, mzee kamili mwenye mrija mrefu kuliko wote. Na pingamizi lake lilikuwa hili: babake Wangwe, marehemu Kisyeri, alirudi kutoka vita ya Burma mwaka arobaini na sita akiwa na medali tatu kifuani. Aliyeua vitani hana budi kutakaswa kabla ya kula na watu, kwa hiyo akachinjiwa ng'ombe. Ng'ombe mmoja.

"Medali tatu," Ezekiel alikuwa akisema, akinyoosha vidole. "Ng'ombe mmoja. Hao marehemu wawili wengine walitakaswa na nani?"

Maana pale Nyamwaga ilishaeleweka tangu siku ya kwanza kwamba Mzungu ni mtu wa utaratibu: ukimuua adui mmoja, anakupa medali moja.

Msomaji atauliza kwa nini Wangwe asingechinja ng'ombe wawili zaidi yakaisha. Wangwe naye aliulizwa. "Nikichinja nimekiri kwamba tata, baba yangu, alificha maiti mbili," alijibu. "Tata hakuwa mwongo." Isitoshe, wazee walisema kutakasa hakufanyiki kwa kubahatisha. Lazima marehemu atajwe, kama si jina basi angalau kabila.

Mwaka huu mambo yalibadilika. Mwezi wa pili Wangwe alianguka zizini, akapelekwa hospitali, daktari akamwambia moyo wake umechoka. Wangwe alirudi nyumbani akamwita binti yake.

"Gati, daktari anasema naweza kwenda wakati wowote."

"Usiseme hivyo, tata."

"Kufa siogopi. Naogopa kuzikwa kama kijana. Ezekiel atakuja kaburini kwangu, atasimama na ile fimbo yake, atasema, 'Pole mura, kijana wangu, umekufa mapema.'"

Gati alicheka, kisha akaona babake hacheki. Akaenda kuwaona wazee.

Hakwenda mikono mitupu. Aliziskani medali zote tatu, akazikuza mpaka kila moja ikawa na ukubwa wa sinia, akawapelekea. Wazee saba walizipokea nakala zile kwa heshima kubwa, wakazizungusha mpaka zote tatu zikawa zimeshikwa kichwa chini miguu juu. Mbili zilikuwa za duara, zenye kichwa cha mwanamume. Ya tatu ilikuwa nyota tupu.

"Kumbe sura zao zipo!" alisema mwenyekiti wa wazee. "Na sisi miaka yote hii tunahangaika."

"Sura za nani, tata?"

"Za marehemu."

"Hapana, wazee wangu. Huyo ni mfalme wa Uingereza."

Ezekiel akaisogeza karatasi karibu na pua. "Kwa hiyo Kisyeri alimuua mfalme?"

"Alimfanyia kazi!"

"Ndiyo maana walinyamaza. Jambo kama hilo huwezi kulitangaza."

"Mbona hapa ana taji na hapa hana?" akauliza mzee mwingine.

"Hapo pigo lilishampata," akasema Ezekiel.

"Na kwenye hii nyota hamna kichwa kabisa," alisema mwenyekiti kwa masikitiko. "Huyu nadhani hawakupata kitu cha kupiga picha."

Gati akaeleza kwa nusu saa nzima kwamba medali zile alipewa kila askari aliyekuwepo, aliyeua na aliyepika, aliyekimbia mbele na aliyekimbia nyuma. Wazee wakamsikiliza kwa upole. Alipomaliza, Ezekiel akainuka kwa fimbo yake.

"Binti yangu, wewe umesoma, sisi hatukatai. Lakini mimi siku ile ya kutakaswa nilikuwepo. Nilikuwa na miaka sita. Nilimwona Kisyeri kwa macho haya. Ng'ombe alipoangushwa tu, yule mwanamume akalia. Akalia mpaka akakaa chini, na kofia ya jeshi kichwani! Askari mzima halii vile kwa ajili ya adui mmoja. Yule alikuwa na watu wengi moyoni."

Gati akaanza kukusanya nakala zake. Hata babake alikuwa amewahi kusikia habari za kilio kile, na hakupenda kizungumzwe.

Mwenyekiti akafunga kikao. "Esubo ni mwezi wa kumi na mbili. Tuletee karatasi ya jeshi. Iwe na muhuri."

Katika wazee saba, wanaojua kusoma walikuwa wawili, na miwani walikuwa nayo moja. Lakini muhuri wote walikuwa wanaujua.

Gati akarudi Turwa, akatafuta ofisi ya ng'ambo inayotunza kumbukumbu za jeshi la wakati ule. Fomu yao ilikuwa na kisanduku cha "sababu ya maombi". Gati, ambaye amejaza fomu za nusu ya wilaya, kwa mara ya kwanza alikaa mbele ya kisanduku akakosa la kuandika. Mwishowe akaandika ukweli: "Tunaomba kujua idadi ya watu aliowaua babu yetu, majina yao na makabila yao, kwa ajili ya sherehe ya familia."

Majibu yalichukua wiki sita. Aliyejibu alikuwa mstaarabu kupita kiasi. Alisema wanasikitika kwamba hawatunzi orodha ya namna hiyo, kwamba wangependa kujua zaidi juu ya sherehe yenyewe, na kwamba angesaidiwa kama angetaja namba ya askari. Gati akaenda Nyamwaga kutafuta namba. Hakuna karatasi, ila kijiko cha aluminiamu cha babu, kile ambacho mama yake alikitumia kukorogea dawa ya kuoshea ng'ombe kupe, kilikuwa kimekwanguliwa tarakimu nyuma ya mpini. Akaziskani. Akatuma kijiko.

Mwezi wa kumi jibu likaja: ukurasa mmoja wa daftari la kikosi, wenye muhuri wa ofisi chini, mkubwa, wa mviringo, mzuri kuliko muhuri wowote Gati aliowahi kuuona. Alitaka kushangilia. Kisha akasoma.

Koplo Kisyeri. Mpishi wa kombania. Kosa: kuficha mgao wa nyama ya askari, idadi kumi na nne, kwa siku sitini na tatu. Adhabu: kuvuliwa cheo na kifungo cha siku ishirini na nane. Shahidi: Daudi wa Robanda, mpishi msaidizi.

Gati aliisoma mara tatu, kisha akafunga mlango wa duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mume.

Mpishi! Na si mpishi tu, mpishi mwizi. Kumi na nne za nini? Makopo? Mapaja? Miaka themanini ukoo mzima umeishi chini ya kivuli cha muuaji hatari, kumbe hatari yenyewe ilikuwa kwenye sufuria. Angepeleka vipi karatasi hiyo Nyamwaga? Aliyeua anatakaswa. Aliyekula nyama ya wenzake anatakaswa na nini? Ezekiel angeishi miaka mia kwa furaha.

Akaitazama skana. Skana nayo, ni kama ilimtazama. Ilikuwa kazi ya dakika kumi: kukata muhuri, kuubandika chini ya barua nyingine. "Koplo Kisyeri, hakuua mtu, tabia njema." Nani angejua? Alifungua ukurasa mtupu. Aliandika mpaka "tabia". Neno la mwisho likamkwama vidoleni. Si kwamba ni malaika. Ni kwamba babake alikuwa amesema tata hakuwa mwongo, na yeye alikuwa karibu kumfanya awe mwongo akiwa kaburini.

Akafuta. Kesho yake akapanda gari la Mugumu, na kutoka hapo bodaboda mpaka Robanda, kumtafuta Daudi au yeyote aliyebaki naye.

Daudi alishakufa. Alibaki binti yake, Susana, mama wa miaka sabini na tisa, ambaye Gati alimkuta saa kumi jioni amesimama pembeni ya shamba la mtama, debe tupu mkononi na fimbo ya kulipigia, anatazamana na ndovu wanne waliokuwa ng'ambo ya korongo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usiwape mgongo."

Gati akajitambulisha kwa kurudi kinyumenyume. Aliposema jina la Kisyeri, yule mama aliangusha debe.

"Kisyeri wa Nyamwaga? Mwenye ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

Susana akaangua kicheko. Picha ilikuwepo, alisema, picha ya kupigwa na Mzungu, baba yake na Kisyeri wamesimama na ng'ombe katikati kama bibi harusi. Aliitunza ghalani ndani ya mtama. Mwaka juzi ndovu alivunja ghala, akala mtama, gunia, na picha. "Lakini habari yenyewe hajaila," akasema. "Washa hiyo simu yako nikusimulie."

Gati akawasha simu irekodi.

Siku ya kikao cha esubo duara lilikuwa limejaa. Wangwe alikaa nje yake, kwenye kigoda kifupi cha vijana, koti limefungwa vifungo vyote. Gati akaisoma karatasi kwa Kiswahili, polepole, bila kuruka neno. Alipofika kwenye "mpishi" kukawa na mguno. Alipofika kwenye "kuficha nyama", Ezekiel akaachia mrija.

"Wangwe!" aliita. "Kumbe tata yako alikuwa anaiba nyama, mura?"

Wangwe akatazama chini. Gati akauona mkono wa babake ukitafuta kifungo cha koti ambacho kilishafungwa.

"Bado, tata Ezekiel," alisema Gati. "Karatasi imemaliza. Sasa sikilizeni." Akaiweka simu juu ya ndoo iliyogeuzwa ili sauti ivume.

Sauti ya Susana ikatoka. "Vijana walikuwa wamekula makopo miaka miwili. Siku moja jeshi likaleta ng'ombe hai kumi na nne, wachinjwe mmoja kila baada ya siku kadhaa. Kisyeri akaambiwa achague wa kwanza. Akamshika mmoja akasema, huyu ana mimba, hachinjwi. Wa pili akasema, huyu ana maziwa. Wa tatu, huyu dume la mbegu, ukimchinja umemaliza ukoo. Mpaka jioni wote kumi na nne walikuwa na sababu. TOKA! TOKA WEWE!"

Debe likalia kwenye simu, wazee watatu wakaruka.

"Ni ndovu," alisema Gati. "Endeleeni kusikiliza."

"Basi Kisyeri akawapeleka bondeni kwenye majani, akawajengea zizi la miiba. Akasema hiki kitu Wazungu wanakiita mgao, kwetu kinaitwa kundi. Kombania ikala maharage siku sitini na tatu ikiambiwa ng'ombe hawajafika. Siku ya sitini na tatu, ukungu umetanda, ofisa akasikia kitu kinalia porini. Akasema adui! Kombania nzima ikalala kifudifudi. Akatoka ndama."

Kwenye duara mtu mmoja alianza kucheka akajizuia.

"Walipowahesabu walikuta kumi na saba. Walikuwa wamezaa. Baba yangu alikuwa anasema, katika vita ile yote hakuna kamanda mwingine aliyeongeza jeshi. Wakamfunga. Akiwa ndani, wakawachinja wote, wakamwekea sahani mlangoni. Hakula. Hakula nyama ya ng'ombe tena mpaka kufa."

Wangwe akainua kichwa. "Alikuwa anasema ni meno," alisema, kama anaongea na kigoda. "Miaka yote tunamchagulia mchuzi tukidhani ni meno."

"Na aliporudi kwao," sauti ikaendelea, "alimwambia baba yangu, nilifika nikakuta wameshalifunga dume, jeusi lina baka jeupe usoni, zuri kuliko yote ya Burma. Wamekuja watu wa vijiji vitatu. Ningesema nini? Ningesema mimi nilikuwa mpishi, tena sikupika? Nikanyamaza. Lakini lilipoanguka, nililia. Wakanipongeza kwa kulia. TOKA MSHENZI WEWE, MTAMA WANGU!"

Simu ikanyamaza. Mwenyekiti akajikuna shingo. "Sauti haina muhuri," akaanza kusema.

"Karatasi inao," akasema Gati, akaishikilia juu. "Kumi na nne zimeandikwa hapa. Na Daudi ameandikwa hapa."

Wote wakamgeukia Ezekiel, wakisubiri akohoe. Ezekiel hakukohoa. Alikuwa ameshika mrija kama mtu aliyesahau unatumikaje.

"Amesema baka jeupe usoni?"

"Ndiyo, tata."

"Yule alikuwa Madoa." Sauti ya Ezekiel ilikuwa imekonda. "Lilikuwa dume letu. Wazee walimwomba baba yangu alitoe, akalitoa. Nililichunga mimi. Lilikuwa linanilamba mkono. Siku ile nilijificha nyuma ya ghala nikalia peke yangu, maana mtoto wa kiume halilii ng'ombe. Nikachungulia, nikamwona Kisyeri analia. Nikasema, yule analilia maadui zake, na Madoa wangu amekufa kwa ajili ya maadui zake, wala hamlilii." Akafuta pua kwa kiganja. "Kumbe tulikuwa wawili."

Miaka thelathini na sita ya pingamizi ilikuwa imekaa pale katikati yao, ina pembe na baka jeupe usoni.

Wangwe aliinuka kwenye kigoda, magoti yakalia, akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa medali. Akazitazama, akaichagua ile nyota isiyo na kichwa.

"Marehemu wa hii sasa tunamjua," alisema. Akampa Ezekiel.

Ezekiel akaipokea kwa mikono miwili. Mwenyekiti, ambaye hapendi jambo lipite bila utaratibu, akauliza kama basi si lazima sasa watakaswe waliomla Madoa.

"Walikuwa baba zetu," alisema mzee mmoja. "Wameshakufa."

"Na mimi nilikula," akasema Ezekiel. "Nililia, kisha nikala. Paja. Lilikuwa laini."

Hapo duara lote likapasuka kwa kicheko. Ezekiel mwenyewe alicheka huku machozi yakimtoka, kisha akasogea upande, akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye benchi, akaipigapiga kwa kiganja.

"Ingia, mzee," alisema.

Wangwe akaingia. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu alisimama kwanza akawatazama vijana wenzake wa miaka hamsini kule nje, akawapungia mkono kama mtu anayepanda ndege. Akapewa mrija. Akavuta mara ndefu, macho yamefungwa, Gati amesimama nyuma yake amebana karatasi kifuani.

"Ikoje, tata?"

Wangwe akameza. Akafikiri.

"Ile ya kikombe ilikuwa na sukari zaidi," akasema, akavuta tena.